Kabla Hujanunua Mashine ya Kulainisha Maji, Jua "Chumvi" Yako ni Ipi

Hapa mtaani Utawala, kama ilivyo kwa wengi wanaotegemea visima Nairobi, neno ni moja tu: maji yana chumvi. Sabuni ikikataa kutoa povu, chumvi. Chai ikiwa na ladha isiyoeleweka, chumvi. Mtoto akiota meno yenye madoa ya kahawia, majirani watakwambia ni chumvi. Nilipohamia hapa mwaka 2018 nami nilisema hivyo hivyo, na neno hilo likanipeleka dukani kununua mashine ya kulainisha maji nikiamini itaniondolea yote matatu. Muuzaji hakunisahihisha. "Mama, hii inatoa chumvi yote," akaniambia, nami nikalipa.

Ilipofungwa, sabuni ilitoa povu siku hiyo hiyo. Nguo za shule zikaacha kukakamaa, na ule ukoko mweupe ndani ya birika la umeme ukakoma kujijenga. Lakini chai ilibaki vile vile. Nilimpigia fundi mara tatu nikimlaumu kwamba hakufunga vizuri, kumbe kosa halikuwa lake wala la mashine. Ndiyo maana naanza na jambo hili kabla ya kugusa utunzaji wenyewe.

Maji magumu ni maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Ndani ya mashine kuna punje ndogo za resini, mithili ya mayai ya samaki, zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, kalsiamu na magnesiamu hunaswa kwenye punje na sodiamu huachiliwa ichukue nafasi yake. Ni kubadilishana, si kuondoa. Maji yaliyoingia na ladha ya chumvi yatatoka nayo. Floraidi, ile inayotia meno madoa na inayopatikana sana katika visima vya miamba hii ya volkeno, hupita kana kwamba mashine haipo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukiwa juu ya hapo na una watoto wadogo, unachohitaji ni mtambo wa kuchuja wa osmosi kinyume, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, kwa maji ya kunywa, au maji kutoka kwingine kabisa.

Kwa hiyo peleka sampuli maabara kwanza. Waambie wapime ugumu, jumla ya madini yaliyoyeyuka, floraidi, chuma na pH, yaani kiwango cha asidi. Usidanganyike na kile kijikalamu cha kidijitali ambacho wauzaji huchovya kwenye glasi. Hicho hupima jumla ya madini, si ugumu. Hata mashine yako ikifanya kazi barabara, kijikalamu kitaonyesha karibu namba ile ile kabla na baada. Maji ya kisima chetu yalipimwa ugumu wa miligramu 290 kwa lita. Chini ya 60 huhesabiwa laini, juu ya 180 ni magumu sana, kwa hiyo mashine ilikuwa na kazi ya kufanya. Lakini pia ina maana kwamba kila lita inayotoka huongezewa sodiamu kama miligramu 133. Mama yangu, anayeishi nasi, ana presha. Bomba lake la maji ya chai na ya kupikia halipiti kwenye mashine, na nakusihi ufanye hivyo hivyo ukiwa na mzee au mgonjwa wa figo nyumbani.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya maelekezo havilijui, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya watu ambao maji yao hutoka bomba moja mwaka mzima. Sisi tuna mgao. Siku mbili kwa wiki, zikikubali, tunapata maji ya kanjo, yaani ya bomba la jiji. Siku nyingine ni kisima cha mtaa, na kisima kikiharibika tunaita bauza, lori la maji. Maji ya kanjo, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini chini ya milima ya Aberdare, ni laini tayari. Kuyapitisha kwenye mashine ni kumwaga pesa na ile chumvi ambayo mashine huitumia kujisafisha. Mwanzoni yote yalikuwa yakiingia tangi moja la juu, mashine ikihesabu lita na kujisafisha kwa ratiba ya maji magumu hata wiki ambazo tangi lilijaa maji ya kanjo.

Suluhisho lilikuwa tangi la pili. La kwanza hupokea maji ya kanjo pekee na kwenda jikoni moja kwa moja. La pili hupokea kisima na bauza, na ndilo linalopitia mashine kwenda bafu, shawa ya umeme na mashine ya kufulia. Kama unajenga au unakarabati, weka mabomba mawili tangu mwanzo. Kuvunja ukuta baadaye kuliniuma zaidi ya bei ya tangi.

Halafu angalia msukumo wa maji, ambao hupimwa kwa bar. Mashine nyingi huhitaji angalau bar 1.5 hadi 2 ili zijisafishe vizuri, na kila mita 10 za kimo hutoa bar 1 tu. Tangi lililo mita tatu juu ya mashine ni bar 0.3. Bila pampu ya kuongeza msukumo, maji yatatoka bombani na utaona mambo ni sawa, lakini wakati wa kujisafisha mashine haitaweza kunyonya maji ya chumvi kutoka tangi lake.

Kujisafisha ndiko moyo wa mashine hii. Resini ikijaa kalsiamu, mashine hurudisha maji kinyumenyume kuinua punje na kutoa uchafu, kisha hunyonya maji ya chumvi kali yanayoing'oa kalsiamu na kurudisha sodiamu, kisha husuuza polepole, husuuza kwa kasi, na mwisho hujaza tena maji kwenye tangi la chumvi. Yangu huchukua kama saa moja na nusu. Wakati huo wote maji yanayofika bombani ni magumu, ndiyo maana hupangwa usiku wa manane.

Na hapo kwenye saa kuwa makini. Nilimwambia fundi aipange saa nane usiku. Akaandika 8:00. Kwa miezi kadhaa mashine ilikuwa ikijisafisha saa mbili asubuhi, wakati nyumba nzima inaoga, na maji ya chumvi yakiwa katikati ya safari. Saa ya mashine ni ya Kizungu: saa nane ya usiku ni 2:00. Kisha kuna stima. Ikikatika kwa muda mrefu, saa za mashine nyingine husimama, na kila kukatika huchelewesha zaidi muda wa kujisafisha. Ikikatika katikati ya kusuuza, vali hubaki ilipo na maji huendelea kumwagika kwenye bomba la taka hadi stima irudi, kama tangi bado lina maji. Kwa hiyo stima inaporudi, kabla ya kuangalia friji, mimi huenda kwenye mashine: saa ni sahihi? Bomba la taka linatiririsha?

Mashine za kuhesabu lita ni bora kuliko za kuhesabu siku, hasa kwetu ambao wiki hii tunatumia maji mengi na ijayo hatuna tone. Namba unayoingiza ni ugumu wa maji. Mashine za Kimarekani hutumia kipimo cha greni kwa galoni. Gawa miligramu zako kwa 17.1. Yangu, 290, ni greni 17. Ukitaka kukagua kama fundi amepanga sawa, hesabu si ngumu. Nina lita 25 za resini, na kila lita hubeba takriban gramu 50 za ugumu, yaani gramu 1,250. Tunapitisha lita 500 kwa siku, gramu 145. Resini inajaa kwa siku nane na kidogo. Kila kusafisha hula kilo tatu hivi za chumvi, kwa hiyo gunia la kilo 25 hutufikisha karibu miezi miwili. Ukiona gunia linakwisha kwa wiki tatu, au halikwishi kabisa, kuna kasoro.

Hilo la kutokwisha ndilo lililonifunza. Mwaka wa pili niliona chumvi imekaa usawa ule ule karibu mwezi mzima. Nilifurahi, nikafikiri tunabana matumizi. Kisha sabuni ikaanza kugandana kwenye beseni na ukoko ukarudi kwenye birika. Fundi alipokuja alifunua tangi, akachukua mpini wa mwiko wangu na kuubonyeza katikati ya chumvi. Ukazama ghafla. "Mama Baraka, hapa chini ni pango," akasema. Chumvi ilikuwa imeshikana juu ikafanya daraja, chini yake hewa, na chini zaidi maji yasiyoigusa chumvi. Kwa wiki kadhaa mashine ilikuwa ikijisafisha kwa maji matupu.

Daraja hilo husababishwa na unyevunyevu, na kujaza tangi hadi mdomoni, na chumvi mbaya. Siku hizi sijazi zaidi ya theluthi mbili, na kila Jumamosi nabonyeza kwa mpini wa mti, taratibu, nisitoboe tangi. Kuhusu chumvi yenyewe, nunua ile ya vidonge, iliyo safi. Chumvi laini ya mezani huyeyuka na kuwa uji mzito chini ya tangi. Chumvi ya mawe isiyosafishwa ina mchanga na udongo unaoziba tundu dogo la kunyonyea, na chumvi ya ng'ombe ina madini mengine kabisa. Usiiweke hata ukiishiwa. Najua ya vidonge ni ghali zaidi. Nilijaribu ya mawe kwa miezi mitatu na akiba yote ikaishia kwa fundi.

Tundu hilo la kunyonyea nalo husafishwa. Mara moja kwa mwaka, zima mashine, funga maji, fungua kifuniko, toa kijidude chenye tundu hilo ukioshe kwa maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani. Usitumie sindano wala waya. Ukilipanua tundu, halitanyonya tena. Siku hiyo hiyo toa chumvi yote na usugue tangi. Ipange siku hiyo wakati chumvi inakaribia kuisha, usije ukabeba kilo 15 za chumvi yenye maji.

Mbele ya mashine lazima kuwe na kichujio cha mchanga. Maji ya bauza huja na tope, na tope likiingia kwenye resini halitoki kirahisi. Mimi nabadilisha changu kila mwezi, msimu wa mvua mapema zaidi. Kama maji yako yana chuma, ambacho huonekana kwa alama za rangi ya kutu kwenye sinki, mwambie mtaalamu kabla hujanunua, maana chuma huipaka resini na kuidhoofisha. Klorini nyingi nayo huila. Ukitibu tangi kwa klorini, yapitishe maji kando ya mashine hadi harufu iishe. Na ukiona punje za resini zenyewe kwenye bomba la bafu, fungua njia ya kuizunguka mashine mara moja na uite fundi. Kuna kitu kimevunjika ndani.

Kupima kama mashine inafanya kazi hakuhitaji maabara kila mara. Nina chupa ya plastiki isiyo na rangi ya nusu lita. Natia maji yaliyotoka kwenye mashine hadi nusu, nakwaruza sabuni ya kipande kidogo, natikisa. Povu likisimama na maji chini yake yakabaki angavu, ni laini. Yakiwa meupe kama maziwa yaliyokatika, resini imechoka. Tumia sabuni ya kipande, si ya unga, kwa sababu sabuni ya unga hutoa povu hata kwenye maji magumu. Mama ana kipimo chake: maharagwe. Maji ya kisima huyachelewesha kuiva, na ndiyo sababu alizoea kutia magadi kidogo, ambayo nayo huishusha kalsiamu. Tangu jikoni kuwe na maji ya kanjo, magadi hayaguswi.

Swali ninaloulizwa sana na majirani ni kuhusu maji yanayotupwa. Kila kusafisha kwangu humwaga karibu lita 200, mitungi kumi. Katika mji wa mgao hilo linauma. Maji ya kwanza ya kinyumenyume na ya kusuuza mwishoni nayakinga kwenye pipa kwa ajili ya choo. Nilibadilisha ratiba ikawa saa kumi na moja alfajiri siku za Jumapili ili niweze kusimama pale na kuhamisha mpira kwa mkono. Yale ya katikati, yenye chumvi kali, yaache yaende. Usimwagilie sukuma wiki wala miti. Nilipoteza mche wa parachichi uliokuwa karibu na bomba la taka kabla sijaelewa kinachoutesa.

Na Desemba tukienda ushago, kijijini kwetu, maji hayakai kwenye resini wiki tatu bila kubadilika harufu. Kabla ya kuondoka nafunga maji na kuchomoa waya. Tukirudi nafungua maji, narekebisha saa, naisafishisha kwa mkono bila kungoja zamu yake, kisha naacha mabomba ya bafu yatiririke dakika chache kabla mtu hajaoga.