Majibu ya bronkoskopi (kipimo cha kamera inayoingizwa kwenye njia ya hewa hadi mapafuni) yamesema hakuna saratani: tuyaamini?

Pole kwa kuuguza mzee, ndugu. Kama CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) ilionyesha uvimbe pembeni mwa pafu, majibu hayo peke yake hayatoshi. Kamera huona njia kubwa za hewa tu. Uvimbe wa pembeni, hasa usiofika sentimita 2, koleo la kuchukulia vipande vya kupima huweza kuupita kando likanyofoa nyama nzima isiyo na ugonjwa.

Muulizeni daktari: vilichukuliwa vipande vingapi? Kimoja au viwili ni vichache mno. Ultrasaundi ya ndani ya njia ya hewa ilitumika kuhakikisha wamefika penyewe? Mtaalamu wa seli alikagua sampuli palepale, mgonjwa akiwa bado kitandani? Kama sivyo, ulizieni kurudia kwa namna hiyo, au sindano ipitishwe kifuani ikiongozwa na CT (hii huweza kuvujisha hewa kutoka kwenye pafu). "Tusubiri tuone" bila tarehe ya CT nyingine, msiikubali.