Leo anafagia bakuli, kesho hagusi: mbwa wa kulea asiye na mpango wa kula

SWALI: Salaam daktari. Kwa wiki 3 sasa namlea mbwa jike hapa Mtopanga, Mombasa, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Nimemwita Shaba. Ameshakomaa, kliniki alipimwa kilo 14, na hajafungwa kizazi. Alifika na kupe mwili mzima. Damu ilipopimwa nikaambiwa ana homa ya kupe, akapewa doksisaiklini ya siku 28, na leo ni siku ya 9. Nasaga kidonge namchanganyia kwenye chakula. Saa saba mchana namwekea vikombe 4 vya chakula kikavu cha mbwa, wali kidogo na mchuzi wa dagaa uliobaki, na bakuli linakaa hapo mpaka jioni. Leo anafagia lote, kesho ananusa na kwenda kulala. Nikimtilia maini ya kuku anakula. Anacheza, anakunywa maji, choo ni kizuri. Je, ni ugonjwa au anadeka?

JIBU: Dada, tuanze na hesabu, maana hapo ndipo sehemu kubwa ya jibu ilipo.

Kikombe cha mililita 250 hubeba takriban gramu 100 za chakula kikavu, na chakula cha kawaida kina kilokalori 350 hivi kwa kila gramu 100. Vikombe 4 ni kilokalori 1,400, wali bado hatujauhesabu. Sasa mahitaji yake. Chukua simu, fungua kikokotoo, zidisha 14 × 14 × 14 upate 2,744. Bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili, utapata 7.24. Zidisha kwa 70: ni kama 507. Hizo ndizo kilokalori za kupumzika: za mwili kupumua, kusukuma damu na kulala tu. Mbwa aliyekomaa anayezunguka uani unamzidishia 1.4 hadi 1.6, yaani 710 hadi 810 kwa siku. Kwa chakula kikavu peke yake, hiyo ni gramu 200 hadi 230.

Kwa hiyo Shaba anawekewa chakula cha siku mbili kwa mpigo. Anakila leo, kesho tumbo linapumzika, na wewe unaona mbwa asiyetabirika. Mbwa aliyewahi kulala njaa hula hivyo: akikuta kingi anajaza, kwa sababu hajui kesho kuna nini. Ndiyo maana hamu ya kula haipimwi kwa bakuli la siku moja. Pima alichokula kwa siku 7, gawanya kwa 7, kisha linganisha na uzito wake.

Hata hivyo hesabu haifuti ugonjwa, na kuna jambo moja la kuacha leo hii: mchuzi. Mchuzi wa nyumbani una kitunguu maji, mara nyingi na saumu. Vyote viwili, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na madhara hujilimbikiza kidogo kidogo. Mbwa mwenye homa ya kupe huenda tayari amepungukiwa na damu, kwa hiyo unamwongezea mzigo uleule ambao dawa inajaribu kuuondoa. Ukitaka harufu ya dagaa, chemsha dagaa watupu. Dagaa wa pwani hupitishwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, basi waloweke nusu saa, mwaga maji hayo, ndipo uwachemshe.

La pili ni kidonge. Doksisaiklini ni chungu, na ukiisaga uchungu unaenea bakuli zima. Mbwa hana haja ya kuonja mara nyingi ndipo aelewe: anajifunza kwamba chakula hiki siku nyingine kina sumu. Tena hujui amemeza dawa kiasi gani siku ile aliyoacha nusu. Mpe kidonge kizima, akiwa ameshakula nusu ya mlo, kwa tonge tatu ndogo za ini lililochemshwa au ugali uliokandwa na dagaa. Ya kwanza haina kitu, ya pili ina kidonge, ya tatu haina kitu, na zifuatane haraka kabla hajapata muda wa kutafuna na kufikiri. Kisha anywe maji, kwa sababu kidonge kikikwama kooni huunguza. Usimpe kwa maziwa, kalsiamu huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Dawa yenyewe huleta kichefuchefu kwa mbwa wengine, hasa tumbo likiwa tupu. Ukimwona analamba midomo, anameza mate na kula majani saa moja au mbili baada ya dawa, mwambie daktari aliyekuandikia aone kama dozi inaweza kugawanywa asubuhi na jioni. Usiikatishe dawa mwenyewe, hata akionekana mzima.

Sasa maini. Hapa, samahani, wewe ndiye unayefundishwa. Shaba ananusa, anaondoka, na baada ya dakika chache bakuli linarudi likiwa tamu zaidi. Mbwa yeyote mwenye akili ataondoka tena kesho. Kosa si maini, ni wakati wa kuyatoa. Mpangie kipande kimoja cha gramu 30 hadi 40 kwa siku, kilichochemshwa bila chumvi, kikasagwa na kuchanganywa na chakula kabla bakuli halijashuka chini. Hiyo ni kama kilokalori 60, chini ya sehemu moja ya kumi ya mahitaji yake. Kipimo kiwe kilekile siku akila na siku asipokula. Akigoma, usiongeze kitu.

Saa saba mchana Mombasa, na hasa wakati wa kaskazi, mbwa anahema kupoza mwili, hana habari na chakula. Sogeza milo: wa kwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wa pili saa moja usiku, gramu 100 hadi 110 kila mlo. Wali ukiutaka, kila gramu 100 za wali ulioiva zichukue nafasi ya gramu 35 hivi za chakula kikavu. Nyunyizia vijiko 3 au 4 vya maji ya uvuguvugu, subiri dakika 5 harufu itoke, weka bakuli mahali patulivu, kaa mbali, na uliondoe baada ya dakika 20. Kilichobaki kipime kisha ukitupe. Chakula chenye majimaji kwenye joto letu huchacha upesi, na chungu watakifikia kabla ya saa sita. Bakuli ulisimamishe ndani ya sinia lenye maji. Waulize pia watoto na majirani. Nusu mkate na chapati zinazopitishwa juu ya ua zimewahi kueleza magonjwa mengi ya ajabu.

Maji yake yawe matamu. Nyumba nyingi za huko hutumia kisima, na maji ya chumvi chumvi mbwa huyanywa kwa shingo upande. Kilo 14 zinahitaji kama mililita 700 hadi 850 kwa siku, na zaidi siku za joto.

Na chakula chenyewe unakinunua wapi? Kile kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi hufyonza unyevu, mafuta yake yanachacha, na pua ya mbwa huligundua hilo kabla yako. Nunua mfuko unaokwisha ndani ya wiki 4 hadi 6, uache ndani ya mfuko wake, na mfuko uingie kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, isiguse sakafu. Unga wa mahindi wenye harufu ya ukungu usimpikie kwa kusema "ni wa mbwa tu." Sumukuvu haifi kwa kupikwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaumiza haraka ini. Ni sumu hiyohiyo iliyoua watu 125 Makueni, Kitui na wilaya jirani mwaka 2004.

Turudi kwenye ugonjwa. "Homa ya kupe" ni jina la mtaani linalobeba magonjwa zaidi ya moja, kwa hiyo uliza kliniki walichokiona kati ya vijidudu hivi viwili vya kupe: Ehrlichia au Babesia? Doksisaiklini ni dawa ya Ehrlichia, na kwa kawaida mbwa huchangamka ndani ya siku 1 hadi 3. Babesia huhitaji dawa nyingine, na kupe mmoja wa kahawia anaweza kuleta vyote viwili. Ukipima joto kuanzia leo, siku ya 9, na bado linapanda na kushuka, damu irudi chini ya hadubini. Kama ametoka Kwale upande wa Shimba Hills, kwenye mbung'o, lisemwe hilo pia. Ugonjwa wa tripanosoma, vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o, nao huleta homa za vipindi, na jicho huweza kuwa na ukungu.

Joto hupimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta, ndani ya njia ya haja kubwa sentimita 2 hivi, akiwa ametulia kivulini angalau nusu saa. Kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Ufizi utazame mchana: uwe wa waridi, ukiubonyeza rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi ukiwa mweupe au wa manjano, mkojo ukiwa na rangi ya strungi, akitoka damu puani, akitapika zaidi ya mara mbili, tumbo likijaa ghafla, au joto likipita 39.5 huku amelegea, mpeleke siku hiyohiyo. Vilevile akila chini ya nusu kwa siku 2 mfululizo bila siku ya kushiba kabla yake. Mtoto wa mbwa humngoji siku 2. Asipokula kwa saa 12 anapelekwa.

Minyoo ya safura nayo hupunguza damu, kwa hiyo kama hajapewa dawa ya minyoo kwa uzito wake, apewe na irudiwe baada ya wiki 2. Na hajafungwa kizazi: mimba ya mbwa ni siku 63, na wiki ya 3 hadi ya 4 hamu huanguka kwa siku kadhaa. Picha ya mawimbi ya sauti huonyesha mimba kuanzia siku ya 25 hadi 30. Fanya hima, kwa sababu doksisaiklini si dawa anayopewa mjamzito bila daktari kulijua hilo.

Kitu kimoja usikifanye hata kwa huruma: mbwa usiyejua chanjo yake akitoa mate mengi, taya likining'inia na chakula kikimshinda kumeza, usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Kichaa cha mbwa huweza kujificha miezi. Mfungie, piga simu kwa daktari wa mifugo. Mate yakigusa kidonda au akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali kwa chanjo siku hiyo.

Mpime Shaba kila Jumamosi asubuhi kabla hajala: panda mizani naye umembeba, kisha peke yako, toa. Andika uzito, gramu alizopewa, gramu zilizobaki, joto na choo. Akipoteza gramu 700 kwa wiki, yaani asilimia 5, hiyo ni safari ya kliniki hata kama anacheza. Akisimama kwenye kilo 14 na mbavu zinahisika kwa vidole bila kuonekana kwa macho, kula kwake kunatosha, aache chakula asiache.

Walezi wengine watakaopokea mbwa aliyekonda mifupa wasifuate vipimo hivi. Huyo siku ya kwanza apewe robo tu ya zile kilokalori za kupumzika, zikigawanywa milo 4 hadi 6, na afike kiwango kamili siku ya 4 au ya 5 akiwa chini ya daktari. Akishibishwa ghafla, fosforasi huanguka kwenye damu na anaweza kufa akiwa ameshiba.

Siku Shaba atakapochukuliwa, karatasi yako ya uzito iende naye, pamoja na chakula hichohicho cha siku 10. Mmiliki mpya akitaka kubadilisha chakula, aanze na robo ya kipya kwa siku 3, nusu siku 3, robo tatu siku 3. Na wiki ile ya kwanza Shaba akila nusu, mmiliki asikimbilie maini.