Bahasha ya kura ya Italia haijafika Maweni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 19, kazaliwa hapa hapa Malindi, babake Mwitaliano, na pasipoti zote mbili anazo. Kura ya maoni ya Italia ya Juni 2025, baba aliletewa bahasha yake, kijana hakuona kitu. Mimi na babake tulishaachana, na mtoto yuko nami Maweni. Kasoro iko wapi? Na akipiga kura ya kule, hii yetu haitampotea?
Mama wa Maweni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho maana ni jepesi: haitampotea. Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya kuwa na uraia wa pili, basi na ajiandikishe IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, kama wenziwe.

Bahasha sasa. Mwitaliano anayeishi nje huandikwa kwenye daftari liitwalo AIRE, na ubalozi humpelekea karatasi za kura kwenye anwani iliyomo mle, hata kama alishahama. Kijana wako bila shaka aliandikwa akiwa mdogo, chini ya babake. Kamuulize huyo baba kwa upole: huenda ziliingia bahasha mbili, ya pili ikalala kwenye droo. Kisha kijana aingie Fast It, tovuti ya huduma za ubalozi, abadilishe anwani, halipi kitu. Lakini asiandike “nyuma ya msikiti, nyumba ya mlango wa buluu”. Aweke S.L.P. ambayo kuna mtu anaifungua, na nambari ya simu.

Uchaguzi wa bunge lao unatarajiwa 2027. Atapata karatasi mbili, ya wabunge na ya maseneta. Zamani Seneti ilitaka umri wa miaka 25, siku hizi 18 yatosha. Zikibaki siku 14 na bahasha haijafika, asingoje tena, awaulize ubalozini wampe nyingine.

Ikifika, hapo ndipo pa kutulia. Mimi mwenyewe, raia kwa ndoa, kura yangu ya kwanza ya Desemba 2016 niliiharibu juu ya meza yangu ya kulia. Mle ndani mna cheti cha mpiga kura chenye kipande cha kukata kwa mkasi. Karatasi ya kura huingia peke yake kwenye bahasha ndogo nyeupe, ikafungwa. Hiyo ndogo na kile kipande ndivyo huingia kwenye bahasha kubwa yenye anwani ya ubalozi. Mimi kipande nilikitia ndani ya ile ndogo, nikajiona fundi! Kura ni siri, na kipande kinamtambulisha mwenyewe, basi yangu ikawa si kura. Na nyuma ya bahasha kubwa nikaandika jina langu, kama ninayemwandikia shoga yangu Mombasa. Nalo halitakiwi.

Stampu hanunui, imeshalipiwa. Ila ifike Nairobi kabla ya saa kumi alasiri, Alhamisi iliyo kabla ya siku ya kura Italia. Nimesema ifike, si itoke Malindi. Akiipata leo, kesho aipeleke.

Na atumie kalamu nyeusi au ya buluu, ajaze mwenyewe. Babake asimjazie, hata kama Kiitaliano cha kijana ni kile cha ufukweni.