Mzee wa Kanda anajibu: Merle Haggard, jela, na Desemba ya watu wa Moshi

Mwezi uliopita nilimtaja Merle Haggard, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, hapa kwa mistari miwili tu, nikajua itapita kimya kama kawaida manake watu siku hizi wananiuliza bongofleva na singeli, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja toka Rombo mpaka Monduli, nyingine ndefu kuliko huu ukurasa. Nimechukua nne, wengine mtanisamehe, na yule aliyeuliza kama Kenny Rogers alikua Mkatoliki, ndugu yangu huu ni ukurasa wa muziki, hayo kamuulize paroko.

Shikamoo Mzee wa Kanda. Marehemu baba yangu alikua dereva wa lori na kwenye lori lake kulikua na kaseti moja ya Merle Haggard, ukiitoa anairudisha. Wimbo wake ulikua Mama Tried, akifika pale jamaa anapotimiza miaka 21 akiwa jela baba anapiga honi hata kama yuko katikati ya mji. Mi nimekua najua huyu mtu alifungwa maisha, sasa mume wangu ananiuliza kama alifungwa maisha huo wimbo kaurekodi saa ngapi? Tumebishana wiki nzima. La pili, mwezi wa nane tunafanya kumbukumbu ya mwaka mmoja ya baba kule Kibosho, nataka upigwe, mashangazi wamekataa, eti wimbo wa jela haupigwi kwenye kumbukumbu ya mtu. Naomba unisaidie. — Mama Junior, Pasua, Moshi

Marahaba mwanangu, na pole tena kwa mzee.

Mumeo kashinda nusu na wewe nusu, kwaiyo msinuniane. Haggard alizaliwa tarehe 6 Aprili 1937, Oildale, California, ng'ambo tu ya mto toka Bakersfield, na nyumba waliyokua wanaishi ilikua behewa la treni ambalo baba yake aliligeuza nyumba, yaani sio stori ya wimbo, behewa kweli. Baba yake alikua mfanyakazi wa reli, akafariki 1946 mtoto ana miaka tisa, na hapo ndo kila kitu kikaharibika. Mama alibaki anafanya kazi, kijana anadandia treni za mizigo, anatoroka, anakamatwa, anapelekwa shule za watoto watukutu, anatoroka tena. Mwisho wake yeye na mwenzake wakiwa wamelewa wakaenda kuvunja mgahawa kwa mlango wa nyuma wakijua ni usiku wa manane, kumbe mgahawa uko wazi na watu wanakula ndani! Alikua anaisimulia mwenyewe huku anacheka. Hukumu yake ilikua inaweza kufika miaka 15 na akapelekwa gereza la San Quentin, huko huko California.

Kwaiyo kutimiza miaka 21 gerezani ni kweli kabisa, baba yako alikua anapiga honi pahala sahihi. Kufungwa maisha ndo chumvi aliyotia mwenyewe, manake alitoka 1960, hakumaliza hata miaka mitatu kule ndani, na wimbo ukatoka 1968 akiwa mtu huru na staa tayari. Alivyokua bado ndani, kuna siku ya mwaka mpya mwimbaji Johnny Cash alikuja kuwaimbia wafungwa na huyu kijana alikua amekaa pale chini anamwangalia. Alafu 1972 gavana wa California akampa msamaha kamili, rekodi yake ya makosa ikasafishwa, na gavana mwenyewe alikua Ronald Reagan, yule yule aliyekuja kua rais.

Sasa hapo kwa mashangazi. Wimbo unaitwa wa jela lakini ukiusikiliza vizuri jela ni mstari mmoja tu, kilichobaki chote ni mtu anamsafisha mama yake. Anasema msije mkamlaumu mama, mama alijaribu, mimi ndo nilikataa. Hicho ni kitu gani kama sio heshima? Mi ningekua wewe ningeenda kumuuliza bibi, yule aliyemzaa marehemu baba yako, kama bado yupo, manake dereva wa lori anayepiga honi kwenye mstari ule usikute alikua na deni lake kwa mama yake ambalo nyie watoto hamkuambiwa. Bibi akikubali, mashangazi watanyamaza. Ila usiupige kwenye misa, subiri padri ashibe aondoke, watu wakiwa kwenye ndizi na nyama wenye suruali washafungua vifungo, hapo weka.

Na nikuonye kimoja, asije mtu akakushauri Sing Me Back Home kwasababu jina lake linasikika la msibani. Watu wengi wanaingia mkenge hapo. Ule wa 1967 unahusu mfungwa anayepelekwa kuuawa, anaomba rafiki yake mwenye gitaa amwimbie kabla hajafika mwisho wa korido. Haggard alimfahamu kule ndani mtu aliyetoroka, akaua askari, akarudishwa na akauawa kwa hukumu, na yeye Haggard alikaribishwa kwenye mpango wa kutoroka akaghairi. Ni wimbo mzuri mno, mi nikiusikia nazima kila kitu, lakini kwenye kumbukumbu ya baba yako wajomba wanaojua Kiingereza watakuangalia vibaya na safari hii watakua na haki.

Mambo vipi mzee. Mi chalii wa Ngarenaro, kwenye gereji yetu fundi mkuu anapiga kantri kutwa nzima, Jim Reeves, huyo Haggard, wote naona ni walewale tu wanalia. Tofauti ni nini? Alafu si ni muziki wa wazungu wenye mashamba makubwa, sisi inatuhusu nini?

Poa chalii wangu. Fundi wako mpe heshima yake, ila swali lako zuri.

Jim Reeves ni sauti ya sofa. Alitokea Texas lakini mziki wake ni wa Nashville, mji mkuu wa kantri, kuna vinanda laini, kuna watu wanaitikia nyuma kama kwaya, hakuna kitu kinachokukwaruza, ndo maana Krismasi ikikaribia huku kwetu kila duka mpaka bucha inampiga, na mwenyewe alishafariki tangu 1964 kwenye ajali ya ndege ndogo aliyokua anairusha mwenyewe. Haggard ni wa Bakersfield, na Bakersfield ilikua inajibu Nashville kwa kusudi. Ni muziki wa baa, gitaa la Telecaster linachoma kama pilipili kichaa, ngoma iko mbele, hakuna kwaya, manake ulipigwa kwenye vilabu ambavyo watu wametoka kazini wana vumbi na wanataka kucheza na pengine kupigana. Mkubwa mwingine wa mji huo ni Buck Owens. Na mji ulivyokua mdogo, Bonnie Owens alikua mke wa Buck, wakaachana, akaja kuolewa na Haggard, wakaachana pia na bado akaendelea kumwitikia jukwaani. Hayo nimeyaweka kwa faida ya gereji nzima.

Wazungu wenye mashamba hapo umekosea sana. Hawa ni waliochuma pamba kwenye mashamba ya wengine. Miaka ya 1930 ukame na dhoruba za vumbi viliharibu Oklahoma na majimbo ya jirani, na bei ya mazao ilishaanguka, watu kwa maelfu wakapakia godoro juu ya gari wakaenda California kutafuta vibarua vya mashamba na visima vya mafuta. Wazazi wa Haggard walihama Oklahoma baada ya banda lao kuungua. Wakifika kule wenyeji wanawaita Okie, yaani mtu wa Oklahoma, na halikua jina la mapenzi, ni kama vile mtu wa mjini anavyokuita wakuja huku anakuangalia viatu. Ndo maana 1969 alivyotoa Okie from Muskogee, aliouandika na mpiga ngoma wake, wale watu waliruka, manake tusi lao limegeuzwa kua jina la kujivunia. Siasa za ule wimbo ni kitu kingine, watu wanabishana mpaka leo kama alikua serious au anatania, na mwenyewe kila akiulizwa alikua anajibu tofauti.

Na hapo bado sijakuambia banjo asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa. Kamwambie fundi hilo, atakupa soda.

Habari za kazi Mzee wa Kanda. Napiga gitaa kwenye bendi ndogo, wikiendi tunapiga kwenye hoteli moja Njiro. Wateja wanaomba kantri, nyimbo tunazipata ila ile sauti inayolia kama mtu anavuta pumzi ya kilio hatuipati. Ni kinanda au ni gitaa? Na je nyimbo zote za Haggard kaandika yeye?

Hiyo ni pedo stili, ni gitaa ila halifanani na gitaa, limelazwa kama meza, nyuzi kumi kwa kawaida, mkono wa kushoto unateleza na chuma, miguu inakanyaga pedo na magoti yanasukuma vyuma vya kubadili sauti ya uzi wakati unalia. Mpiga stili wa Haggard wa miaka mingi ni Norman Hamlet. Kulipata hapa Arusha utahangaika, na ukilipata utahangaika zaidi kulijifunza, kwaiyo fanya hivi, sikiliza mpiga gitaa wake Roy Nichols. Yule alikua anaipata ile sauti kwenye gitaa la kawaida kwa kukunja uzi, unaanza ushaukunja kimyakimya, unapiga, afu unauachia ushuke. Weka nyuzi nyembamba, usiweke distoshen, ile ya kukwaruza sauti, sauti iwe kavu na kali, na punguza maringo. Kijana mwingine anatumia shingo ya chupa kidoleni, nayo sio mbaya.

Kuandika, aliandika nyingi mno, ila sio zote. Na tamu ni hii, wimbo wake wa kwanza kufika namba moja kwenye chati ya kantri Marekani, ule wa mtu anayekimbia sheria, waliandika mke na mume, Liz na Casey Anderson, wala hawakua wanajua kwamba huyu wanayempa wimbo katoka jela kweli. Mwenyewe alikua anaogopa watu wasije wakajua. Baadae akafikisha namba moja 38, nyingi kaandika mwenyewe, na hofu ikamwisha.

Mzee mwenzangu, salaam. Mi ni mtu wa Marangu ila nipo Arusha Sakina huu mwaka wa ishirini. Kuna ule wimbo wa Desemba. Mwaka juzi kampuni niliyokua naendesha magari ya watalii ilitupunguza mwezi wa kumi na moja, Desemba sikupanda nyumbani, nikawaambia nina safari ya wageni. Nilikaa ndani nikausikiliza huo wimbo kwenye simu. Sina swali kubwa, nauliza tu huyu bwana aliyajuaje?

Mzee mwenzangu hii nimeisoma mara tatu.

If We Make It Through December ni wa 1973. Jamaa kapunguzwa kiwandani Krismasi inakaribia, ana binti mdogo ambaye haelewi kwanini baba mwaka huu hana kitu, na yeye anajiambia tukivuka Desemba tu tutakua sawa, labda tutahamia sehemu yenye joto. Inasimuliwa kwamba yale maneno aliyapata kwa huyo huyo Roy Nichols wa gitaa, walimuuliza mambo ya nyumbani na mkewe yakoje, akajibu tukivuka Desemba tutakua sawa. Haggard akabeba sentensi ya mtu akaipa mtu mwingine, mwenye shida nyingine. Ndo alivyojua, kwa kusikiliza watu.

Watu wengine duniani wanauweka kwenye nyimbo za Krismasi, mi siku zote naona wanaukosea. Lakini sisi watu wa mlimani tunauelewa kuliko hata wenyewe, manake kwao Desemba ni baridi na kwetu ni jua, ila Desemba yetu ina kitu ambacho baridi haina, kuna kuhesabiwa. Mabasi yamejaa toka Dar, kila mtu anapanda juu, mbuzi anachinjwa, na pale kwenye migomba kila mtu anajua nani kaja na nani hajaja na aliyekuja kaja na gari gani. Mtu asiye na kitu haogopi njaa, anaogopa kile kiti chake kitakavyoangaliwa. Na ukija bila kitu watakuambia karibu, na ile karibu unaisikia ilivyo fupi. Mi mwenyewe 1994 nilisema naumwa. Nilikua nina kibanda cha kurekodi kaseti pale Moshi mjini, rekoda mbili, betri naanika juani, mwezi huo rekoda moja imekufa na nyingine inakula kanda za watu, nikakaa Majengo siku tatu mlango umefungwa na redio chini chini ili majirani wajue nimesafiri.

Kwaiyo hukua peke yako, na wageni wako wa uongo walikua na wenzao.

Haggard alifariki 2016, tarehe 6 Aprili, siku ile ile aliyozaliwa, ametimiza miaka 79. Ukija Moshi pita nikupe nakala. Kaseti yenyewe ninayo bado, upande B umeliwa kuanzia wimbo wa tatu, ila Desemba iko upande A.