Mchanga hauli takataka: kwa nyinyi mnaoanza kazi za hafla jangwani

Ndugu zangu mnaokuja msimu huu, nawaandikia mana kila ikifika Oktoba naulizwa maswali yaleyale na vijana wa kwetu waliopata kazi za hafla huku Falme za Kiarabu, na wengi wanadhani kazi ni kusimamisha mahema na kubeba spika, kumbe kazi inayokula muda na mgongo ni ile inayoanza saa nane za usiku wageni wakishapanda magari yao na wewe umebaki na tochi na mfuko mweusi. Mimi ni mtu wa Mombasa, huu ni msimu wangu wa saba, nimefanya kambi upande wa Dubai, Sharjah na Al Ain, harusi, pati za makampuni, usiku wa Ramadhani, hata bafdei za watoto juu ya mchanga. Haya nayasema kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu, na kutokuambiwa kwangu kuna mnyama aliumia.

Msimu wangu wa pili tulimaliza hafla ya watu kama mia tatu, tumechoka hoi, gari la taka halikuja, basi supavaiza akasema chimbeni shimo nyuma ya kile kilima mzike, mchanga ni mwingi, nani ataona. Tukazika. Sahani, vijiko vya plastiki, mifuko, foili za nyama, kila kitu. Tukarudi palepale baada ya wiki sita kuandaa hafla nyingine, na kile kilima kimesogea, yaani upepo umeubeba mchanga wote wa juu na takataka zetu ziko nje zimetandazwa kama soko limevunjika, na ngamia wanne wamesimama katikati wanatafuna. Sio kwamba wanagusa tu kwa midomo, wanatafuna mifuko kabisa, mana ilikuwa na chumvi na mafuta ya nyama, na ngamia anapenda chumvi.

Mwenye ngamia alikuja, mzee wa makamo, akatusalimia vizuri tu, hakupiga kelele. Akanichukua mpaka kwenye pikapu yake akanionyesha donge gumu kama jiwe, kubwa kushinda kichwa cha mtu, akasema hili limetoka tumboni mwa ngamia wake aliyekufa. Ukiangalia vizuri unaona ni mifuko na kamba zimeshikana na chumvi zikawa kitu kimoja. Sikuwa na la kumwambia, nilisema samahani amu, akaitikia kwa kichwa akaenda zake. Baadae ndo nikaja kujua kwamba haya mambo yamepimwa kabisa, pale Dubai kuna daktari wa mifugo anaitwa Ulrich Wernery wa maabara kuu ya utafiti wa mifugo, yeye na mtafiti wa plastiki Marcus Eriksen wakatoa utafiti 2021, katika ngamia 30,000 waliokufa na kuchunguzwa tangu 2008, ngamia 300 walikutwa na madonge kama yale, jepesi kabisa kilo 3 na zito kilo 64. Kilo 64! Huo ni uzito wa mtu mzima umekaa tumboni, mnyama anahisi ameshiba kumbe anakufa njaa taratibu.

Kwa hivyo jambo la kwanza kabisa, msizike. Mkiambiwa mzike, semeni kwa heshima, bosi tuyapakie tu tuondoke nayo, nafasi ipo. Mara nyingi anakubali mana naye amechoka tu kama nyinyi. Mchanga hauli takataka, unazitunza, alafu siku moja unazitoa. Ile mvua kubwa ya tarehe 16 Aprili 2024, pale Khatm Al Shakla upande wa Al Ain ilipimwa milimita 254.8 kwa muda usiotimia siku moja, na mwaka mzima wa kawaida sehemu zile hazipati hata nusu ya hio, basi maji yalipopita kwenye mabonde tulipata makopo na chupa ambazo maandishi yake yameshafutika kwa uzee. Watu walizika zamani sana wakasahau.

Sasa, kitu kilichonichukua miaka kuelewa ni kwamba usafi wa jangwani hauanzi hafla ikiisha, unaanza gharani kabla lori halijapakiwa. Kisichoingia hakiokotwi. Nyumbani ukiangusha kikaratasi kwenye sakafu ya simiti kesho kiko palepale, lakini huku kikianguka saa tatu usiku, saa tano watu wamekikanyaga kimeshuka chini vidole vinne na macho hayakioni tena. Kwa hivyo mkiwa gharani toeni vitu kwenye maboksi na mifuko yake hukohuko, bandueni stika, toeni zile plastiki laini za kufungia viti, vyote viachwe mjini. Na kama mna sauti hata ndogo kwenye kikao cha kupanga, kataeni vitu vitatu, konfeti (vile vikaratasi vya rangi vya kurushwa hewani), maputo, na vile vikombe vidogo vya maji vyenye kifuniko cha foili cha kubandua. Hivi vikombe ndo adui yangu mkubwa, kikombe chenyewe utakiokota lakini kile kifuniko kinapeperuka kabla mgeni hajameza funda la kwanza. Leteni chupa kubwa za galoni tano na bilauri za kuosha. Konfeti nayo usidanganywe ati ni ya karatasi inaoza, kuoza kunataka unyevu, na hapa unyevu wa kuozesha kitu hakuna, nimeokota vipande vyake mwaka wa pili vina rangi ileile.

Kebo tai pia, vile vikamba vya plastiki vya kufungia waya. Fundi umeme akikata ncha inaruka, anakata mia mbili kwa usiku mmoja, hio ni ncha mia mbili mchangani. Mfundisheni, mkono mmoja unakata mwingine unashika ncha, alafu inaingia mfukoni. Mwenzangu mmoja kutoka Tanga anavaa kijimfuko kiunoni kama cha makanga wa daladala, kila ncha inaingia humo, na kazi yake haichelewi hata dakika.

Upepo mtaujua wenyewe lakini niwape mwanzo. Ule mkubwa wa huku unaitwa shamali, unatoka kaskazini-magharibi, kwa hivyo chochote kilichowaponyoka kiko upande wa kusini-mashariki, kimenasa kwenye vichaka na kwenye miti ya ghafu. Msiishie kwenye mpaka wa eneo mlilopewa. Mimi huwa natembea mita mia tano kuelekea upepo ulikoenda, kichaka kwa kichaka, na karibu kila mara narudi na mfuko umejaa. Mapipa yawekeni nyuma ya hema pasipo na upepo, yawe na vifuniko, chini mimineni mchanga ndoo moja yasianguke. Mifuko iliyojaa isilale nje hata usiku mmoja, paka na mbweha wanaipasua kutafuta mifupa na asubuhi mnaanza kazi upya.

Kuhusu kuokota kwenyewe, hapa nitakaa kidogo mana hapa ndo wengi wanakosea. Wanaachia kila mtu aende anakotaka, kila mtu anaokota anachokiona, na wote wanakiona kitu kimoja, chupa. Mnajipanga mstari mmoja, mtu na mtu mkono ukinyooshwa uguse bega la mwenzio, mnatembea pamoja taratibu, kila mmoja anaangalia kipande chake cha mbele tu, nyuma kuna wawili na mifuko. Mkimaliza upande huu mnakata msalaba, mnapita tena kutoka ubavuni, na mtashangaa mtakachokipata mara ya pili. Saa nzuri ni jua likichomoza, lile jua la chini linalala juu ya mchanga na kila kitu kidogo kinatupa kivuli kirefu, hata kijiti cha meno unakiona. Ikifika saa nne jua limepanda na kila kitu kimekuwa cheupe, acheni, mtapoteza nguvu bure. Usiku nao unafaa kwa vioo na foili tu, shika tochi chini karibu na goti, usiishike juu, vinameta vyenyewe.

Hii ya mstari hatukuibuni sisi. Kule Marekani, jangwa la Black Rock jimbo la Nevada, hufanyika Burning Man, watu kama 70,000 wanakaa kama wiki na hakuna pipa la taka la umma, kila mtu anaondoka na uchafu wake. Baadae kinabaki kikosi cha kupita mstari kwa mstari, na walichokiokota kinachorwa kwenye ramani, kijani palikuwa safi, njano wastani, nyekundu pabaya, ili kila kambi ijione ilivyoacha pake. Alafu idara ya serikali inayosimamia ile ardhi inakuja kupima, na kiwango chao ni futi moja ya mraba ya uchafu kwa ekari, haitakiwi kuzidi. Mimi nilianza kuchora ramani kama hio kwenye daftari la shule, rangi tatu tu, na ndani ya msimu mmoja nikajua nyekundu zetu ziko wapi kila hafla, chini ya mazulia, kwenye jiko la nyama, na pale madereva wanapoegesha wakisubiri. Lakini muwe waangalifu mkiiga kila kitu chao, ardhi yao ni ziwa lililokauka, ngumu kama sakafu, kitu kikianguka kinabaki juu, isipokuwa wakipata mvua kama ya 2023 palipogeuka tope. Sisi mchanga wetu unameza wakati huohuo, kwa hivyo wao wana wiki za kutembea na sisi tuna masaa.

Mazulia msiyakung'ute hovyo. Kunjeni kuelekea ndani, yabebeni mpaka kwenye turubai, kung'utieni hapo. Pale yalipokuwa yametandikwa pitisheni reki alafu chekecheni mchanga kwa chekeche kama la kujengea, vipisi vya sigara vyote viko hapo, wageni wanavichomeka mchangani wakikaa wakaona vimepotea. Na mkiinua zulia au ubao vaeni glavu na viatu vya kufunika, nge na nyoka wanapenda joto la chini ya vitu, hili si la kufanyia ujasiri.

Mkaa nao. Usiuzike ukiwa na moto, mchanga unaufunika unabaki unawaka ndani masaa na masaa, na asubuhi mtoto anapita bila viatu. Nimemuona mtoto ameungua nyayo kwa moto ambao kila mtu aliapa umezimwa tangu usiku. Chomeni kwenye sinia la chuma lenye miguu, zimeni kwa maji, majivu yakipoa yaingie kwenye debe yarudi mjini. Mafuta ya kukaangia na maji ya vyombo vivyohivyo, kwenye madumu, si kumwaga nyuma ya jiko. Mwisho pitisheni sumaku ya kuburuta palipokuwa na steji, misumari na pini za stepla zinaingia kwenye kwato laini za ngamia na kwenye matairi ya watu waliopunguza upepo kupanda vilima.

Sijui kama ngamia unasema ana kwato, wazee wa kwetu watanisahihisha, ni wayo laini ule, mmenielewa.

Safari ya kurudi funikeni pikapu kwa neti na mfunge kamba. Taka ikiruka barabarani kutoka kwenye gari inaweza kumletea dereva faini na pointi mbaya kwenye leseni, na yule dereva ni Mpakistani au Mganda mwenzenu anayelisha familia, msimponze kwa uvivu wa fundo moja.

Na masaa. Kuokota takataka ni kazi kama kusimamisha hema, kama mmebaki mpaka saa tatu asubuhi andikeni saa tatu asubuhi kwenye karatasi, msikubali kuambiwa ile ni kusafisha tu haihesabiwi. Mkikubali haihesabiwi, msimu ujao kampuni itapanga muda wa kusimamisha na muda wa kupakia tu, muda wa kusafisha hautakuwepo, na mtu asiyelipwa kwa kitu hawezi kukifanya vizuri hata akiwa na moyo kiasi gani. Mimi sasa nikipewa hafla naomba watu wanane masaa manne baada ya jua kutoka, nayaandika kwenye mpango tangu siku ya kwanza kabla bei haijakubaliwa, na nikinyimwa naomba tena.

Yule mzee bado namuona. Msimu uliopita tulifanya hafla si mbali na boma lake la ngamia, asubuhi akapita na gari polepole akasimama akatuangalia tukiwa kwenye mstari, watu kumi, vichwa chini. Hakusema kitu. Akashuka akaingia mwisho wa mstari akatembea na sisi mpaka kwenye ghafu ya mwisho, akaokota vizibo viwili vya chupa akavitia kwenye mfuko wangu.