Nyama ya friza iliyopita tarehe: mbwa ale au asile?

Nina kilo sita za nyama ya ng'ombe ya kusaga kwenye friza. Tarehe ya kwenye pakiti imepita miezi miwili. Nimpe mbwa au nitupe?

Angalia kwanza ni tarehe ya nini. Pakiti iliyogandishwa kiwandani na kuandikwa "bora kabla ya" inazungumzia ladha na ubora. Kama haijawahi kuyeyuka, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawazaliani, na tarehe ikipita nyama haigeuki sumu. Pakiti iliyouzwa ikiwa baridi tu, haijaganda, ina hesabu nyingine: iliingia friza lini? Ikiwa iliingia kabla ya tarehe, sawa. Ikiwa iliingia siku tatu baada ya tarehe, itupe. Friza haiui bakteria, huwalaza tu. Barafu ikiyeyuka wanaamka na kuendelea pale walipoishia.

Kinachoharibika ndani ya friza ni mafuta. Hewa huyafikia hata kwenye baridi kali, yanachacha, na mafuta yaliyochacha huharibu vitamini E ambayo mbwa anaihitaji. Nyama ya kusaga huwahi zaidi kwa sababu imepigwa na hewa kila upande: ubora wake ni miezi mitatu hadi minne tangu igandishwe. Maini na firigisi ni hivyo hivyo. Kuku mzima hufika mwaka, vipande vya kuku miezi tisa, samaki wa mafuta kama kibua miezi miwili mitatu tu. Kwa hiyo hesabu tangu siku ya kugandisha. Nyama yako ikiwa bado haijafika miezi sita, mafuta hayajawa ya njano na hayanuki kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa, ipike mpaka ichemke vizuri, umpe kidogo kidogo.

Nyama ina mabaka makavu meupe. Imeoza?

Hapana. Ni maji yaliyotoka kwenye nyama kwa sababu mfuko haukufungwa vizuri. Kata mabaka, iliyobaki pika. Cha kuogopa ni bonge la barafu yenye damu lililoganda chini ya mfuko: hiyo ni dalili kwamba nyama iliyeyuka njiani au dukani kisha ikagandishwa tena.

Umeme ulikatika tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Nyama ya mbwa iko friza. Bado inafaa?

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia baridi kama saa 48, iliyojaa nusu, kama saa 24. Bonyeza kila kipande: chenye chembe za barafu ndani kinaweza kugandishwa tena. Kilicholainika na kupoteza ubaridi wa friji, yaani kimepita nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili, usikirudishe. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, nyama iliyo nje ya friji ihesabie saa moja tu.

Kwa siku zijazo, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo humo. Ukirudi safarini ukaikuta sarafu imezama chini, ujue friza iliyeyuka yote wakati hukuwepo, hata kama sasa kila kitu ni kigumu.

Inanuka kidogo. Nikiichemsha saa nzima si bakteria watakufa?

Watakufa, lakini baadhi ya sumu walizokwisha kutoa hubaki. Sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hustahimili kuchemshwa. Ni kweli tumbo la mbwa lina asidi kali na mbwa wengi hula mizoga wakapona. Wengine hawaponi, na huwezi kujua wako ni yupi. Nyama inayonuka au inayoteleza kama ute isipikwe, ifukiwe.

Kama ameshaila: mpe maji, mnyime chakula saa chache. Akitapika mfululizo, akiharisha damu, au miguu ya nyuma ikilegea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mtoto wa mbwa usimsubirie dalili ya pili. Na tafadhali usimpe dawa za maumivu za binadamu: parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumuua.

Daktari, machinjioni hunipa bure mapafu na maini yenye vifuko vya maji. Nikiyagandisha yanatosha?

Hapa ndipo tunapoomba utusikilize kuliko kote, kwa sababu anayeumia ni familia yako. Vifuko hivyo mara nyingi ni hatua ya ukuaji ya tegu mdogo, mnyoo bapa aitwaye Echinococcus granulosus. Mbwa akivila, tegu wanakomaa utumbo mwake bila kumwonyesha ugonjwa wowote, na baada ya wiki tano hadi saba mayai yanatoka kwenye kinyesi, yanashika manyoya na mikono ya watoto. Kwa binadamu hukua uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, polepole, kwa miaka. Turkana na nchi ya Wamaasai wanaujua vizuri.

Kugandisha huua vifuko, lakini kwa nyuzi 20 chini ya sifuri hadi katikati ya nyama, kwa siku mbili kamili. Friza ya nyumbani iliyojazwa na kufunguliwa kila saa mara nyingi haifiki huko. Kata vipande vidogo, chemsha nusu saa. Kinachotakiwa ni nyuzi 80 ndani ya nyama kwa dakika kumi. Chenye vifuko vingi choma moto au fukia kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Mbwa aliyekwisha kula apewe dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na irudiwe kila wiki sita maadamu anafika machinjioni.

Niyeyusheje, na nimpe kiasi gani?

Usiku kucha ndani ya friji, kwenye bakuli, rafu ya chini. Bonge la kilo mbili huchukua saa 24. Una haraka? Ifunge kwenye mfuko usiovuja, izamishe kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, kisha pika papo hapo. Juu ya meza jikoni hapana: nje inapata joto wakati katikati bado ni barafu.

Mbwa mzima wa kilo 20 anatosheka na gramu 400 hadi 600 za chakula chote kwa siku, si za nyama peke yake. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na mtoto wa mbwa anayelishwa hiyo pekee hupinda miguu. Pika bila kitunguu wala kitunguu saumu. Mifupa itoe ukishapika, maana iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.