Bugatti Type 57SC Atlantic: yamebaki 3

Wengine husema magari ya Bugatti Type 57SC Atlantic yaliyobaki ni mawili. Ni matatu, ndugu. Yalitengenezwa 4 tu kati ya 1936 na 1938. La kwanza lilikuwa la Victor Rothschild wa Uingereza, na la mwisho, jeusi, sasa ni la mbunifu wa mitindo Ralph Lauren. Haya mawili yako kamili. La tatu liligongwa na treni kwenye makutano ya reli huko Ufaransa mwaka 1955, waliokuwemo wakafariki. Baadaye likajengwa upya, sehemu nyingi zikatengenezwa mpya, ndiyo maana wengine hulitoa kwenye hesabu. Mimi nalihesabu, maana ni gari lilelile lenye historia yake.

La nne, la Jean Bugatti mwenyewe, mtoto wa mwanzilishi wa kampuni ya Bugatti, lilipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili na hadi leo halijaonekana.

Nanyoosha bodi za magari hapa Dodoma, na gari hili nimelifuatilia miaka mingi kwa sababu ya ule mshono wenye ribiti (vipini vya chuma vya kubania bati) unaopita katikati kuanzia mbele hadi nyuma. Gari la maonyesho la 1935, lililoitangulia Atlantic, lilikuwa na bodi ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesi, na magnesi ukiichomelea inaweza kuwaka moto, kwa hiyo wakaunganisha kwa ribiti. Atlantic zenyewe zilikuwa za alumini, zingeweza kuchomelewa vizuri kabisa, ila mshono wakauacha kwa uzuri wake. Ukiona picha ya Atlantic isiyo na ule mshono, hiyo si yenyewe.